Joto la Mguu Liko kwenye Damu

Mhadhara uliotolewa Minneapolis, Minnesota, mbele ya wazazi wazungumzao Kiswahili ambao watoto wao wanajifunza kuteleza kwenye barafu

  

Jumamosi asubuhi, ukiingia katika uwanja wowote wa barafu mjini hapa, utamwona mama amepiga magoti akimvalisha mtoto soksi ya tatu. Soksi ya kwanza ya pamba, ya pili nene ya kulalia, ya tatu ya baba. Kisha anakivuta kiatu kwa nguvu, anakaza kamba mpaka vidole vyake mwenyewe vinauma, na mtoto anaingia uwanjani. Dakika ishirini baadaye mtoto yuko ukutani analia, miguu imekufa ganzi. Wiki inayofuata mama analeta soksi ya nne. Mapenzi yapo tele katika jambo hili, na ndiyo maana nimeomba kulizungumzia. Ninachotaka mwondoke nacho ni kwamba mguu ulio ndani ya kiatu cha barafu hupashwa joto na damu. Kitambaa hakitengenezi joto hata kidogo. Kazi yake ni kulihifadhi lile ambalo damu imelileta. Ukiizuia damu, umezima moto wenyewe.

Barafu ya mtelezo wa kisanii, huu wa miruko na mizunguko, huwekwa kwenye nyuzi kama 3 au 4 chini ya sifuri. Barafu ya mpira wa magongo huwa na baridi zaidi kidogo na ngumu zaidi, ndiyo maana watoto wanaotumia uwanja mara tu baada ya mazoezi ya timu hulalamika zaidi. Hewa ya juu ya barafu mara nyingi haifiki nyuzi 15. Kwa mtu anayetembea na koti, hiyo si baridi ya kutisha. Lakini mwili una kanuni yake. Ukihisi baridi kifuani na tumboni, hubana mishipa midogo ya mikononi na miguuni ili damu ya moto ibaki karibu na moyo, mapafu na ini. Vidole vya miguu ndivyo vya kwanza kupunguziwa. Tena mguu wenyewe hauna nyama nyingi ya kutoa joto: ni mifupa, kano na ngozi, na misuli mikubwa inayouendesha iko juu, kwenye shavu la mguu. Kwa hiyo joto la vidole linasafiri kutoka mbali, na likikuta njia imebanwa, halifiki.

Hapo ndipo soksi tatu zinapomdhuru mtoto. Kiatu cha barafu ni kigumu kwa makusudi, kwa sababu mtelezaji anapotua baada ya kuruka, mguu mmoja hubeba uzito wa mwili wake mara kadhaa, juu ya chuma chembamba, na kifundo kinahitaji kushikiliwa. Ngozi yake haitanuki kama ya raba. Ukijaza soksi ndani ya chombo kisichotanuka, kinachosalimu amri ni mguu. Mishipa ya juu ya mguu inabanwa kati ya mfupa na ulimi wa kiatu kama mpira wa maji uliokanyagwa: bomba liko wazi, bustani haipati kitu. Na ile hewa iliyotulia ndani ya nyuzi za soksi, ambayo ndiyo hasa huhifadhi joto, nayo imekamuliwa yote. Umebaki na kitambaa kilichoshindiliwa na mguu usiopata damu.

Watelezaji wa mashindano huvaa nini? Taitsi nyembamba, au soksi moja nyembamba inayokaa mguuni bila kukunjika. Wengine huteleza bila soksi kabisa ndani ya kiatu kilichofinyangwa kwa umbo la mguu wao. Wazazi wengi wakisikia hivi hudhani nawatania. Lakini jaribuni kwa watoto wenu: soksi moja nyembamba na kavu, ndani ya kiatu kinachokaa sawasawa, itashinda soksi tatu ndani ya kiatu chochote.

Nimesema kavu, na neno hilo nalisisitiza. Miguu miwili ya binadamu ina tezi za jasho zipatazo laki mbili na nusu, na haziachi kufanya kazi kwa sababu nje kuna theluji. Mtoto ametoka nyumbani amevaa soksi na buti za theluji, amekaa nusu saa ndani ya gari lenye hita, amekimbia kwenye maegesho. Akifika uwanjani soksi ile tayari imelowa, hata kama ukiishika huhisi kitu. Maji hupitisha joto zaidi ya mara 20 kuliko hewa, hivyo soksi yenye unyevu inainyang'anya miguu joto tangu dakika ya kwanza. Soksi za kutelezea zikae mfukoni mpaka mtoto ameketi kwenye benchi la kuvalia. Pale pale avue zile za safari, ajifute katikati ya vidole, avae zile kavu. Hakuna ushauri nitakaoutoa leo ambao ni rahisi kuliko huu, wala hakuna unaoleta nafuu haraka kama huu. Pamba muiache, kwa kuwa hunywa jasho na kulishikilia. Sufu nyembamba hufyonza unyevu mwingi kabla ya kuanza kuhisi maji, na nailoni iliyochanganywa na nyuzi nyingine za kisasa hulisukuma jasho nje. Zote mbili zinafaa.

Wale mnaopeleka watoto likizo Nairobi mkapita kwenye uwanja wa Panari, barabara ya Mombasa, uliofunguliwa mwaka 2005, au mnaotembelea ndugu zetu Dubai na kuingia uwanja wa barafu ulio ndani ya Dubai Mall, hili la soksi linawahusu hata zaidi. Mtu anatoka kwenye jua kali, miguu imevimba kidogo kwa joto na imelowa, anaiingiza moja kwa moja kwenye kiatu cha kukodi ambacho mwenzake amekivua muda mfupi uliopita. Kaeni kwanza dakika kumi ndani kwenye ubaridi, miguu itulie, halafu vaeni soksi mpya mliyokuja nayo.

Sasa nije kwenye kiatu chenyewe, na hapa mtaniwia radhi nikikaa kidogo, maana ndipo fedha zetu zinapopotelea.

Tumelelewa na msemo wa dukani: chukua kikubwa, atakua nacho. Kwa sare ya shule ni busara. Kwa kiatu cha barafu ni hasara ya afya na ya mfuko. Ndani ya kiatu kikubwa mguu huteleza mbele na nyuma, kisigino hupanda kila hatua na kuota malengelenge, na vidole hujikunja vikitafuta pa kushika. Ili mtoto asipate usumbufu huo, mzazi hukaza kamba kupita kiasi. Tumerudi kwenye mishipa iliyobanwa. Hivyo kiatu kikubwa huishia kuwa na baridi kuliko kile cha kadiri yake, na wazazi hushangaa kwa sababu kina nafasi ya kutosha.

Yuko mwanamke mmoja ambaye historia yake inapaswa kujulikana na kila mtoto mweusi anayefunga kamba za viatu hivi. Mabel Fairbanks alizaliwa mwaka 1915 na alijifunza kuteleza New York katika miaka ya 1930, wakati viwanja vilikuwa vikiwafungia milango watu weusi. Viatu vyake vya kwanza alivipata kwenye duka la vitu vilivyowekwa rehani, kwa dola moja na nusu. Vilikuwa vikubwa kwa saizi mbili, akavijaza pamba. Alirudi tena na tena kwenye uwanja uliomkatalia mpaka akaruhusiwa kuingia. Hakupewa nafasi ya kushindania nchi yake, lakini baadaye, akiwa kocha California, ndiye aliyewakutanisha watoto wawili, Tai Babilonia na Randy Gardner, wakawa mabingwa wa dunia mwaka 1979. Mwaka 1997 aliingizwa katika orodha ya heshima ya mtelezo wa Marekani, Mmarekani mweusi wa kwanza kupata heshima hiyo. Pamba ile ndani ya kiatu ilikuwa alama ya kile alichonyimwa. Sisi tulio na uwezo wa kuchagua saizi tusimrudishe mtoto kule kwa hiari yetu.

Saizi hupatikana hivi. Mtoto asimame, mguu mmoja juu ya karatasi, amevaa soksi ile atakayotelezea nayo, uzito wote ukiwa kwenye mguu huo. Chora pembeni kwa penseli iliyosimama wima. Pima urefu kutoka kisigino mpaka kidole kirefu kuliko vyote, na pima upana pale penye vifundo vya vidole. Fanya hivyo jioni, mguu ukiwa umetanuka kwa shughuli za siku. Halafu pima na mguu wa pili, kwa sababu miguu ya mtu mara nyingi hailingani. Namba utakayoipata usiilinganishe na ya raba zake: kiatu cha barafu kwa kawaida huwa saizi moja, au moja na nusu, chini ya kiatu cha mtaani. Kila kampuni ina jedwali lake, iwe Riedell wa Red Wing hapa hapa Minnesota, ambao wametengeneza viatu hivi tangu 1945, iwe Jackson wa Kanada au Edea wa Italia. Na zaidi ya urefu, viatu vizuri hutolewa kwa upana tofauti. Nasisitiza hili kwa sababu mtoto mwenye mguu mpana mara nyingi huongezewa urefu ili upana utoshee. Kiatu kinakuwa kirefu mno na bado kinabana pembeni. Muulize muuzaji waziwazi kuhusu upana. Asipoelewa swali, hilo si duka la viatu vya barafu.

Kiatu kikivaliwa, kabla ya kufunga kamba, mtoto asukume mguu mbele mpaka vidole viguse mwisho. Nyuma ya kisigino pasibaki nafasi kubwa kuliko unene wa penseli. Kisha asukume kisigino nyuma, ufunge, asimame na kukunja magoti. Akiwa wima vidole viguse mbele kidogo tu. Akikunja magoti virudi nyuma. Mwambie avichezeshe kama anayepiga kinanda. Visipoweza kucheza, damu haitapita vizuri. Kisigino kikiinuka, kiatu ni kikubwa au kipana mno nyuma, na hakuna soksi itakayokitengeneza.

Ugumu wa kiatu nao huchaguliwa. Vipo viatu vilivyotengenezwa kwa wanaoruka mizunguko mitatu hewani, vigumu kama ubao. Ukimnunulia mtoto anayeanza, kwa sababu ni vya bei na vinaonekana vya kibingwa, hataweza kukunja kifundo. Asipokunja kifundo, misuli ya shavu la mguu haifanyi kazi yake ya kuisukuma damu irudi juu, na damu mpya inachelewa kushuka. Ataumia, atapoa, na atachukia mchezo. Cha anayeanza kiwe cha anayeanza.

Na kiatu kipya hakiachwi kilivyotoka kwenye boksi. Viatu vingi vya siku hizi hupashwa joto katika oveni maalumu ya dukani, kisha mtoto hukaa navyo miguuni vikipoa, navyo vinashika umbo lake. Pakibaki sehemu inayouma, kwa kawaida ule mfupa wa ndani wa kifundo au upande wa kidole gumba, fundi huisukuma ngozi kutoka ndani kwa chombo chake mpaka ipate mfuko mdogo wa kuuhifadhi mfupa. Maumivu ya sehemu moja yanayorudi kila siku ni kazi ya fundi, msimwambie mtoto avumilie. Zipo pia pete laini za jeli za kuvaa kwenye kifundo, nazo husaidia mahali penye msuguano, mradi ziwe nyembamba.

Tazameni kiatu hiki nilichokishika, niwaonyeshe kamba, kwa kuwa kiatu kile kile kinaweza kuwa cha moto au cha baridi kutegemea mkono uliokifunga. Nianze chini, kwenye vidole. Hapa matundu mawili au matatu ya kwanza nayaacha yamelegea kiasi kwamba kidole changu cha shahada kinapita chini ya kamba. Nikipanda hapa, mgongo wa mguu, naongeza kidogo, kamba imelala tu bila kuchimba. Nikifika kwenye kona, pale mguu unapokutana na muundi, hapo ndipo pa kukaza. Naivuta kamba kuelekea nyuma, si juu, ili kisigino kikae ndani ya kikombe chake. Nazungusha kamba mara mbili ili isiteleze. Kutoka hapo kwenda juu kuna ndoano hizi. Nalegeza tena, na kwenye ndoano ya mwisho naacha nafasi ya vidole viwili nyuma ya shavu la mguu. Mnaona? Katikati imekaza, chini na juu imelegea. Watu wengi hufanya kinyume: hukaza vidole kwa nguvu, wakichoka wanalegea pale kwenye kona, kisha wanamalizia kwa kunyonga juu. Ulimi wa kiatu nao uvutwe uwe katikati, usikunjike, maana ukipinda, ukingo wake na kamba hubana kano iliyo mbele ya kifundo, na maumivu yake hudumu wiki nyingi.

Ngozi ya kiatu ikipata joto hulegea. Kwa hiyo baada ya dakika kumi za kuteleza mtoto atoke, kamba zirekebishwe, arudi. Na akisema ganzi imeanza, fungueni zote, vidole vicheze, mfunge upya. Ganzi ni taarifa kutoka kwenye mishipa, ipokeeni mara moja.

Zamani mambo yalikuwa magumu zaidi. Kwa karne nyingi chuma cha kutelezea kilifungwa chini ya kiatu cha kawaida kwa mikanda ya ngozi, na ili kisicheze, mikanda ilikazwa palepale damu inapopita. Jackson Haines, Mmarekani mcheza dansi aliyekwenda Ulaya miaka ya 1860, anatajwa kuwa ndiye aliyekifungia chuma kwenye buti moja kwa moja, na kwa uhuru ule akaweza kuruka na kuzunguka akifuata muziki. Hata baada yake, Olimpiki nyingi, ikiwemo ya Cortina mwaka 1956, zilichezwa nje, na mashindano ya dunia yalifanyika nje kwa mara ya mwisho Vienna mwaka 1967. Sehemu ya alama, hadi mashindano ya dunia yalipoiacha baada ya 1990, ilitokana na kuchora maduara kwenye barafu polepole, mstari juu ya mstari. Fikirieni kusimama kwenye upepo wa milimani mkisubiri zamu ya duara. Mwili usiotembea hautoi joto, na hili linawahusu watoto wetu pia: anayesimama ukutani akizungumza na rafiki hupoa miguu kabla ya anayeteleza.

Basi moto uwashwe kabla ya kuvaa kiatu. Dakika kumi za kuruka kamba au kukimbia ukumbini, mpaka uso upate jasho kidogo, huifungua mishipa ya miguuni. Kofia, glavu, na koti jepesi linalofunika kiuno na tumbo vina faida kubwa kwa vidole vya miguu kuliko soksi yoyote, maana kifua kikiwa na joto mwili hauna sababu ya kuinyima miguu damu. Joto zaidi mkitaka, liongezwe nje ya kiatu: vipo vifuniko vya kitambaa vinavyovishwa juu ya kiatu kizima, na taitsi ndefu zinazofunika kiatu mpaka kwenye chuma. Hizi za pili nazipenda kwa sababu nyingine pia. Binti mwenye ngozi kama yetu anaweza kuchagua rangi yake mwenyewe, mguu ukaonekana mmoja kutoka paja hadi kwenye barafu. Vile vifuko vya kupasha joto vyenye unga wa chuma msiviweke ndani: huhitaji hewa ili kufanya kazi, ndani ya kiatu kilichobana hewa hakuna, vinakula nafasi, na vinaweza kuunguza ngozi iliyokufa ganzi bila mtoto kujua.

Mkimaliza, kiatu kifunguliwe mpaka chini, soli ya ndani itolewe, chuma kifutwe. Kikaushwe mahali penye hewa, mbali na hita, kwani joto kali hukakamaza ngozi na kuipasua. Kiatu kilichofungiwa kwenye begi usiku kucha na jasho lake ndicho kitakachompa mtoto baridi kesho. Miguu iliyopoa nayo isipelekwe kwenye hita wala maji ya moto. Ivalishwe soksi kavu, atembee, ipate joto taratibu. Ikipashwa ghafla huweza kutoa uvimbe mwekundu unaowasha na kuuma kwa siku kadhaa.

Jambo moja nalisema kwa uzito. Wengi wetu tumetoka pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, ambako selimundu imo katika familia nyingi. Baridi ni mojawapo ya vitu vinavyoamsha maumivu makali kwa mwenye ugonjwa huo. Mtoto wa namna hiyo asiingie barafuni kabla hamjazungumza na daktari wake, na kocha aambiwe wazi. Hivyo hivyo mtu mzima mwenye kisukari anayetaka kuteleza na wajukuu, kwa kuwa mguu usiohisi vizuri hauwezi kumwambia kwamba umeumia.

Kuhusu gharama, naelewa. Viatu vizuri ni ghali na mtoto huvipita upesi. Pimeni miguu kila baada ya miezi mitatu. Mtumba si aibu, lakini kikagueni: shika kiatu kwa juu na ukikunje kwenye kifundo. Kikiinama kirahisi kama soksi, kimekwisha. Kikiwa na mikunjo mirefu upande mmoja, kimeshika tabia ya mguu wa mwenzake. Kilicho imara na kisicho na mikunjo hiyo kinaweza kupashwa joto upya kikamfaa mwingine, na tukibadilishana sisi kwa sisi kila mwanzo wa msimu tutaokoa fedha nyingi.

Nimekuja na karatasi, penseli na rula, ziko meza ya nyuma. Wenye watoto wadogo waje kwanza, kabla hawajasinzia. Mvueni mtoto buti zake, mvalisheni soksi moja nyembamba, asimame, nami nitachora.